Wajumbe wa mchujo Marekani: haki inapopotelea kwenye masalio

Tarehe 5 Februari 2008, siku ambayo majimbo zaidi ya 20 ya Marekani yalipiga kwa mpigo kura za mchujo, zile ambazo chama hutumia kumpata mgombea wake wa urais, Hillary Clinton alimshinda mwenzake wa Democratic, Barack Obama, kule New Jersey kwa zaidi ya kura 110,000. Siku hiyo hiyo Obama alimshinda Clinton kule Idaho kwa kura kama 13,000. Lakini kinachohesabiwa mwishoni ni wajumbe, wale wanaokwenda mkutano mkuu wa chama kumpigia kura mgombea. New Jersey ilimpa Clinton wajumbe 59 na Obama 48, yaani faida ya 11. Idaho ilimpa Obama 15 na Clinton 3, yaani faida ya 12. Jimbo dogo lenye wapiga kura wa kuhesabika likamfaa Obama kuliko jimbo la mamilioni lilivyomfaa Clinton.

Anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza hudhani kuna mkono wa mtu. Lakini shika kalamu upige hesabu. Ukiwaweka kando wagombea wadogo, Clinton alipata kama asilimia 55 New Jersey, na asilimia 55 ya 107 ni 59. Obama alipata kama asilimia 82 Idaho, na asilimia 82 ya 18 ni 14.8, ambayo hukamilishwa kuwa 15. Ndani ya kila jimbo mgawo umenyooka. Kasoro, kama ipo, ilitokea kabla ya kura ya kwanza kupigwa: nani alisema Idaho ipate wajumbe 18 na New Jersey 107, na alitumia kipimo gani?

Chama cha Democratic hupima kwa fomula yenye vipande viwili vya uzito sawa. Kipande cha kwanza ni mchango wa jimbo katika kura zote ambazo wagombea urais wa chama hicho walipata kitaifa kwenye chaguzi kuu tatu zilizotangulia. Cha pili ni mchango wa jimbo katika zile kura 538 zinazomchagua rais. Chukua wastani wa vipande hivyo, uzidishe kwa jumla ya wajumbe wa msingi (mwaka 2020 walikuwa 3,200), na hilo ndilo fungu la jimbo. Juu yake huongezwa asilimia 15 kwa ajili ya viongozi wa chama na wenye nyadhifa za kuchaguliwa. Mwaka 2020 kulikuwa pia na bonasi ya asilimia 10 kwa jimbo lililosubiri hadi Aprili na asilimia 20 kwa lililosubiri hadi Mei au Juni, ili majimbo yote yasikimbilie mwanzo wa foleni.

Angalia kisichomo humo: idadi ya watu waliojitokeza kwenye mchujo wenyewe. John Kerry, mgombea urais wa Democratic mwaka 2004, alipata zaidi ya kura 180,000 Idaho, na hizo ndizo kura za aina iliyoingia kwenye fomula. Lakini mwaka 2008 Idaho ilitumia kokasi, ile mikutano ya jioni ambayo lazima uwepo ukumbini kwa saa iliyopangwa, na waliofika walikuwa kama 21,000. Watu hao wachache walirithi wajumbe waliokadiriwa kwa umati mkubwa zaidi. Mjumbe mmoja wa Idaho alisimama kwa watu kama 1,200, na wa New Jersey kwa watu zaidi ya 10,000. Mzazi mwenye mtoto mchanga, muuguzi wa zamu ya usiku na askari aliye mbali na kwao hawakuwa na njia ya kuhesabiwa.

Kanuni hiyo ina utetezi wake, tena mzuri. Kama wajumbe wangegawiwa kwa mahudhurio, jimbo lenye mchujo wazi, unaoruhusu hata wasio wanachama kupiga kura, lingeweza kujaza wapiga kura wa chama pinzani na kuvuna wajumbe kwa migongo yao. Kwa hiyo nailaumu zaidi kokasi kuliko fomula, na kufikia 2020 majimbo mengi, Idaho ikiwemo, yalikuwa yameihama. Texas ilikuwa kituko zaidi: mwaka 2008 watu walipiga kura mchana, kisha usiku wakarudi kwenye kokasi kupiga mara ya pili. Clinton alishinda ya mchana kwa wajumbe 65 kwa 61, Obama akashinda ya usiku 38 kwa 29, na jumla ikawa 99 kwa 94, ushindi wa yule aliyeshindwa kwenye masanduku.

Mafungu na masalio

Sasa tuingie jikoni kwenyewe, maana hapa ndipo wachambuzi wengi wa televisheni huruka. Democratic haigawi wajumbe wa jimbo kwa mkupuo mmoja. Huwapasua katika mafungu. Robo tatu ya wajumbe wa msingi hupelekwa kwenye wilaya za uchaguzi, kwa kawaida zile za Baraza la Wawakilishi, na kila wilaya ni fungu lake. Robo iliyobaki ni fungu la jimbo zima. Wale wa viongozi wa chama ni fungu jingine, nao hugawiwa kwa kura za jimbo zima lakini kwa hesabu ya peke yake.

Katika kila fungu hatua ni zile zile. Kwanza ondoa kila mgombea aliye chini ya asilimia 15 katika eneo hilo. Pili, hesabu upya asilimia za waliobaki, kana kwamba wengine hawakuwepo. Tatu, zidisha kwa idadi ya wajumbe wa fungu na umpe kila mmoja namba nzima. Nne, wajumbe wanaobaki wape wenye masalio makubwa, yaani sehemu iliyo baada ya nukta, kuanzia juu kushuka.

New Hampshire ya 2020 ni mfano unaotosha kuchorwa kwenye karatasi moja. Bernie Sanders alipata asilimia 25.7, Pete Buttigieg 24.4, Amy Klobuchar 19.8. Wajumbe walikuwa 24: wanane kwa kila moja ya wilaya mbili, watano wa jimbo zima, na watatu wa fungu la viongozi. Waliovuka kizingiti kwa pamoja walikuwa na asilimia 69.9, kwa hiyo hisa zao mpya ni kama 36.8, 34.9 na 28.3. Fungu la watano linatoa 1.84, 1.75 na 1.42. Kila mmoja anapata mmoja, wawili wanaobaki wanaenda kwa Sanders na Buttigieg: 2, 2, 1. Fungu la watatu linatoa 1, 1, 1. Kila wilaya ikatoa 3, 3, 2. Jumlisha: Sanders 9, Buttigieg 9, Klobuchar 6. Sanders aliongoza kwa karibu kura 4,000 na hakupata hata mjumbe mmoja wa ziada.

Rudia hesabu hiyo kwa fungu moja la wajumbe 24, na matokeo yanabadilika kuwa 9, 8 na 7. Kura hazijabadilika, kizingiti ni kile kile. Kupasua fungu peke yake kumemnyang'anya Klobuchar mjumbe mmoja na kumpa Buttigieg. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini fanya hivyo katika wilaya zaidi ya mia nne nchi nzima na masalio yanakuwa mlima.

Ukubwa wa fungu ndio unaouma zaidi wanapobaki wagombea wawili. Wilaya ya wajumbe wanne hugawanyika 2 kwa 2 hadi mshindi afikishe asilimia 62.5. Mtu anaweza kushinda hapo kwa asilimia 61 dhidi ya 39, ushindi ambao kwa lugha yoyote ni wa kishindo, akaondoka na sare. Wilaya ya wajumbe watatu hutoa 2 kwa 1 hata kama mshindi amepita kwa kura moja. Ya watano hutoa 3 kwa 2 kwa kura moja hiyo hiyo, lakini 4 kwa 1 inataka asilimia 70. Ya sita hukaa 3 kwa 3 hadi asilimia 58.3. Kwa kifupi, namba witiri hulipa ushindi mwembamba na namba shufwa huumeza ushindi mnene. Kampeni ya Obama ilielewa jambo hili mapema na kupeleka watu na fedha kwenye maeneo ambayo kura chache zingegeuza mjumbe. Nevada mwaka 2008 Clinton alipata asilimia 50.8 ya kokasi na Obama 45.1, lakini wajumbe wa kitaifa wakahesabiwa 13 kwa Obama na 12 kwa Clinton, maana Obama alishinda pale ambapo namba ilikuwa witiri.

Idadi ya wajumbe wa wilaya hutoka kwenye fomula ya kura na watu, kwa hiyo kama wilaya yako ina wanne au watano ni bahati ya kugawanya tu. Hili ndilo doa ninaloliona kubwa kuliko yote upande wa Democratic, na halina wimbo wala bango kwenye maandamano.

Kizingiti cha asilimia 15 kina historia ndefu. Mwaka 1984 Jesse Jackson, aliyewania tiketi ya Democratic, alipata kama asilimia 18 ya kura za mchujo na mgawo wa wajumbe ulio chini sana ya hapo, kwa sababu kizingiti kilikuwa juu zaidi na baadhi ya majimbo yalimzawadia mshindi. Alipigania mabadiliko, akarudi nayo 1988, na tangu 1992 majimbo yote ya Democratic hugawa kwa uwiano. Asilimia 15 ndiyo iliyobaki kama maelewano. Wakiwa wagombea wawili au watatu, haidhuru mtu. Wakiwa saba, inafyeka. Pale New Hampshire Elizabeth Warren alikuwa na asilimia 9.2 na Joe Biden 8.4, na ukiwaongeza wadogo wengine, watu watatu kati ya kumi walipiga kura ambayo haikuzaa mjumbe.

Kuna wengine kura zao zilikufa bila wao kukosea lolote. Buttigieg alijitoa Machi 1, 2020 na Klobuchar siku iliyofuata, saa chache kabla ya majimbo 14 kupiga kura Machi 3. Waliokwisha kutuma kura kwa posta California na Colorado hawakuwa na namna ya kuzirudisha. Dawa inajulikana na imejaribiwa mwaka ule ule: Alaska, Hawaii, Kansas na Wyoming zilitumia kura za kupanga wagombea kwa namba. Aliye mkiani huondolewa, kura zake huhamia chaguo linalofuata, na kazi hiyo huendelea hadi kila aliyebaki awe na asilimia 15 au zaidi. Hakuna kinachotupwa, labda karatasi za wale waliopanga jina moja tu.

Upande wa Republican

Republican wana falsafa nyingine kabisa, na haifai kuihukumu kwa rula ya wenzao. Kila jimbo hupata wajumbe 10 wa jimbo zima, watatu kwa kila wilaya ya Baraza la Wawakilishi, na watatu ambao ni viongozi wa chama jimboni. Halafu huja bonasi: jimbo lililompigia mgombea wa Republican katika uchaguzi wa rais uliopita, au lenye gavana, maseneta au wingi wa bunge wa chama hicho, huongezewa.

Tatizo ni wale watatu wa wilaya. Wilaya zina idadi ya watu inayokaribiana, si idadi ya wanachama inayokaribiana. Wilaya ya San Francisco, ambako Republican ni wachache mno, ilipata wajumbe watatu California mwaka 2016 sawasawa na wilaya za ndani ya jimbo zilizojaa wanachama wao. Kura moja ya Republican San Francisco ilikuwa na uzito wa kura kadhaa za kule ndani. Chama hujibu kwamba kinataka kuwa hai kila pembe ya nchi. Ni jibu, ila mwanachama mwaminifu wa eneo lililojaa wanachama ana haki ya kuuliza kwa nini uaminifu wake unashushwa thamani.

Kisha kuna namna ya kugawa, ambayo jimbo hujichagulia ndani ya mipaka. Majimbo yanayopiga kura kabla ya Machi 15 hutakiwa kugawa kwa uwiano, isipokuwa yale manne ya mwanzo yaliyoruhusiwa kujipangia. South Carolina, mojawapo ya hayo manne, mwaka 2016 ilitenga wajumbe 29 kwa mshindi wa jimbo na watatu kwa mshindi wa kila wilaya kati ya saba. Donald Trump alipata asilimia 32.5 na kubeba wote 50. Marco Rubio na Ted Cruz, kila mmoja na asilimia 22 na kitu, hawakupata hata mmoja. Florida ikampa wajumbe wote 99 kwa asilimia 45.7.

Hata neno uwiano lenyewe ni la kuangaliwa kwa makini. New Hampshire ya Republican mwaka 2016 iligawa wajumbe 23 kwa asilimia za kura zote, kwa kizingiti cha 10, na waliobaki bila mwenyewe wakapewa mshindi. Trump kwa asilimia 35 alistahili wanane. Wajumbe watatu waliobaki kutokana na kura za walioanguka chini ya kizingiti wakaongezwa kwake, akafika 11, karibu nusu. Yaani mtu aliyempigia Chris Christie au Carly Fiorina alimsaidia Trump bila kujua. Majimbo mengine, kama Texas, yaliweka kizingiti cha asilimia 20 na sharti kwamba anayevuka nusu anabeba wote.

Je, huo ni uonevu? Hoja ya kumpa mshindi wote ni kwamba chama hupata mgombea mapema na hakiendi mkutano mkuu kikiwa vipande. Naielewa hoja hiyo wagombea wakiwa wawili. Wakiwa sita, anayebebwa ni mwenye theluthi moja ya chama, na theluthi mbili hawaulizwi tena.

Mjumbe ni nani hasa?

Jambo lisiloeleweka vizuri ni kwamba kuhesabu wajumbe na kuwachagua ni kazi mbili tofauti. Kura za mchujo husema mgombea ana viti vingapi. Nani anakalia viti hivyo huamuliwa mara nyingi kwenye mikutano ya chama ya wilaya na ya jimbo, wiki au miezi baadaye, ambako hufika wachache wenye subira. Kwa Democratic mgombea ana haki ya kupitia orodha ya wanaotaka kumwakilisha na kuwakata asiowaamini, kwa hiyo hatari ni ndogo. Kwa Republican majimbo mengi hayana kinga hiyo.

Iowa mwaka 2012 ilitangaza kwanza kwamba Mitt Romney ameshinda kwa kura 8, kisha ikabadilisha kuwa Rick Santorum kwa kura 34. Ron Paul alikuwa wa tatu. Lakini wafuasi wake walibaki ukumbini kokasi zilipokwisha, wakajaza kila kikao kilichofuata, na kwenye mkutano mkuu Tampa, Iowa ikampigia Paul kura 22 kati ya 28. Chama kilijibu kwa kuweka kanuni ya kuwafunga wajumbe kwa matokeo ya kura. Kuwafunga nako kuna mwisho wake: wengi hufungwa kwa duru ya kwanza tu ya kura za mkutano mkuu, na ya pili ikifika aliyejaza viti kwa watu wake ndiye mwenye kicheko. Ndiyo maana mwaka 2016 Cruz alihangaika sana na Louisiana, ambako Trump aliongoza kwa kura na wote wawili wakatoka na wajumbe 18, na bado palikuwa na wajumbe wa Rubio na wale wasiofungwa wa kugombania.

Pennsylvania mwaka huo iliwaacha huru wajumbe wake 54 kati ya 71. Majina yao yalikuwa kwenye karatasi ya kura bila kusema wanamuunga mkono nani. Illinois iliandika jina la mgombea kando ya jina la mjumbe, na hapo likatokea jingine: katika wilaya ya 6, mjumbe wa Trump mwenye jina la kigeni masikioni mwa wapiga kura alipata takribani kura 5,000 pungufu ya wenzake wawili wa orodha ile ile, na kiti kikaenda kwa mpinzani.

Wajumbe wakuu wa Democratic, wale wabunge, magavana na viongozi wa chama wanaoingia bila kuchaguliwa na mchujo, ndio waliopigiwa kelele zaidi mwaka 2016. Walianza 1984 na hawajawahi kumpindua aliyeongoza kwa wajumbe wa kura. Sanders alikuwa nyuma kwa kura milioni kadhaa na kwa wajumbe wa kura zaidi ya 300 hata ukiwaondoa wakuu wote. Ubaya wao ulikuwa kwenye vibao vya televisheni vilivyowajumlisha tangu siku ya kwanza, vikamwonyesha Clinton yuko mbali kabla mtu hajapiga kura. Tangu 2018 hawapigi kura duru ya kwanza mgombea asipokuwa tayari na wingi wa uhakika. Suala limekwisha, kwa maoni yangu, na nguvu zilizotumika hapo zingefaa zaidi kwenye wilaya za wajumbe wanne.

Na American Samoa, visiwa ambavyo havipigi kura ya rais Novemba, ilikuwa na wajumbe sita mwaka 2020 kwa wapiga kura 351. Michael Bloomberg alipata kura 175 na wajumbe wanne, ushindi wake pekee wa kampeni iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola.

Anayetaka kujua kanuni itamkata nani asingoje usiku wa matokeo. Vyama vya majimbo vya Republican hutakiwa kuwasilisha kanuni zao kabla ya Oktoba 1 ya mwaka unaotangulia uchaguzi, na vile vya Democratic hupeleka mipango yao kwa kamati ya kanuni ya taifa katika mwaka huo huo. Hapo ndipo mpira unapochezwa. Mwishoni mwa Julai 2023 kamati tendaji ya Republican California iliufuta mtindo wa wajumbe watatu kwa wilaya na kuweka mwingine: atakayevuka nusu ya kura za jimbo achukue wote 169, asipopatikana wagawiwe kwa uwiano. Wapinzani wa Trump waliokuwa na mpango wa kuokota wilaya moja moja wakabaki bila pa kuokota. Machi 5, 2024 Trump alivuka nusu kwa mbali, na hata Republican wa San Francisco, waliokuwa na wajumbe wao watatu miaka minane nyuma, wakahesabiwa humo humo kwenye 169.